Jicho Langu la Kushoto na Mashine Kuukuu ya Mbale

Kimaka, Jinja
12 Machi 2025

Mpendwa dada Hajara,

Assalam aleikum. Kabla hata sijakujulia hali, jua kwamba anayekuandikia ni mtu mwenye bahati kuliko madereva wote wa lori kutoka Malaba mpaka Juba. Jicho langu la kushoto limepona! Naona mpaka viroboto wa kuku wa jirani, tena kuku akiwa mbioni.

Haya, sasa salamu. Hujambo huko Kibra? Magoti yanasemaje? Shemeji bado anakoroma kama trela mlimani? Sisi wazima. Mke wangu Twaibah anakusalimia sana, na saumu inatuendea vizuri, alhamdulillahi.

Uliniuliza kwenye simu nini hasa kilinipata. Jambo kubwa kama hili linataka karatasi. Ilikuwa Januari, nimebeba saruji ya Tororo. Kila nikizungusha jicho, linauma kama kuna kamba inavutwa kwa nyuma. Kufika Mbale, upande wa kushoto moshi mtupu. Wanale nzima, dada, mlima mkubwa vile, sikuuona! Na dereva asiyeona upande mmoja, kazi yake imekwisha.

Mtu wa kwanza kunitazama, kwenye kliniki moja ya njiani, alishasema ni donge ndani ya ubongo, niwaage watu wangu. Hospitali nikampata daktari Khainza, binti wa Kimasaba, mfupi, miguu yake haifiki kwenye breki za lori langu. Huyu hakuniaga. Alichukua kizibo chekundu cha soda, akanifunika jicho moja, kisha la pili. La kulia liliona damu ya ng'ombe. La kushoto liliona chai ya maziwa.

"Afande, kizibo chako kimechuja," nikamwambia.

"Mimi si afande, na kizibo hakijachuja. Kilichochuja ni jicho lako, bwana. Tulia."

Mashine mpya ya sumaku, ile inayoona mishipa vizuri, ilikuwa Kampala, na foleni yake ya wiki nyingi. Pale walikuwa na siti skani kuukuu, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, inanguruma kama lori la marehemu baba. Madaktari wenzake Khainza walimwambia haitaonyesha kitu. Yeye akakaa na Wanyera, fundi wa mashine, wakapanga picha nyembamba nyembamba za nyuma ya macho tu, kama unavyokata kitunguu cha kachumbari. Nikachomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Mama yangu! Joto likashuka mpaka kwenye suruali. Nikapeleka mkono kuhakikisha.

"Mzee, hujajikojolea, ni dawa!" Wanyera akapiga kelele nyuma ya kioo. "Ukitikisika tena tunaanza upya!"

Kisha Khainza akanionyesha. Kando ya mshipa unaotoka jichoni kwenda ubongoni, mistari miwili myeupe, sambamba kama reli. Hakuna donge. Ni ganda la mshipa limevimba. Akapima na damu, maana picha peke yake, alisema, hupenda kusingizia watu.

Mimi nimetembea, Hajara. Nimeona wahandisi wakipasua miamba kwa mitambo mipya. Lakini mtu wa kuibembeleza mashine iliyochoka mpaka ikasema kweli, nimemwona mmoja tu. Nilianza vidonge vyake Jumatatu. Alhamisi nikaiona Wanale, na maji yake yakiporomoka. Nililia. Usimwambie shemeji. Khainza akanionya kwamba dozi inashushwa polepole, nisiache hata siku moja bila kumuuliza.

Nisalimie wanao, Bruhan na Shamirah. Shangazi Zulaika mwambie bado namdai pilau la Idi. Mola akupe magoti ya kupanda ngazi huku ukiimba.

Dada, karatasi imekwisha na roho inanisuta, maana nimefunga huku nakuandikia porojo. Ramadhani ilipoingia niliacha vidonge. Niliona aibu kumeza dawa mchana, dereva mzima, watu wote wamefunga. Wala sikumuuliza Khainza kama naweza kumeza wakati wa daku. Leo siku ya nne moshi umerudi, na Twaibah hajui. Yule binti namwogopa kuliko polisi wa barabarani, lakini kesho nakwenda Mbale kumwambia kwa mdomo wangu. Niombee. Yale ya bahati yafute, nilikudanganya. Jicho halioni.

Mdogo wako akupendaye sana,
Muzamiru