Pikipiki Inayougua Ikikaribia kwa Mama Mkwe

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuandikia kutoka Litembo nikiomba unisaidie kufikiri, maana mwenzio nimefika mwisho. Jina langu liache, niite Mama Stephano. Mume wangu ni bodaboda, na milima ya huku ukipakia gunia la kahawa na abiria juu yake pikipiki inapanda kwa kulia, sasa mwaka jana baada ya mavuno akaipeleka Mbinga mjini kwa fundi Joakim, naye akaifungua injini, akatoa silinda hedi, yaani kile kipande cha juu ambacho petroli inabanwa chini yake na kulipuka, akaikata upande wa chini ikapungua unene, akapanua na matundu ya kupitisha hewa, akasema sasa petroli itabanwa zaidi na nguvu za farasi zitaongezeka. Na kweli ziliongezeka, mshauri, inapanda mlima mpaka madereva wenzake wanasimama kuangalia, na mgonjwa akitakiwa kuwahishwa hospitali anaitwa yeye kwanza. Mimi napenda sana mambo ya injini, siku hiyo nilikaa pale gereji nikamuuliza fundi kila kitu mpaka akachoka.

Tatizo ni ziwani. Mimi kwetu ni Mbamba Bay, mama yangu anaishi huko peke yake. Mara ya kwanza tulipoteremka na injini hiyo, tulipofika chini kabisa kwenye joto ikaanza kugonga ndani, ko ko ko, kama mtu anaponda kokoto, nguvu zikaisha, na karibu na mlango wa mama ikazimika ikagoma kuwaka mpaka ilipopoa. Wakati wa kurudi, tulipofika milimani, ikapona yenyewe. Safari iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine tena mume wangu akafunga rozari kwenye usukani na kunyunyizia tangi maji ya baraka, ikagonga vilevile. Mama akatoka nje anacheka, akamwambia, "Baba, pikipiki yako inakohoa kuliko mimi mzee." Mume wangu hakucheka. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mama yako hanitaki. Anaifunga pikipiki yangu." Anasema kama ni ugonjwa wa chuma, mbona inaugua ikimkaribia mama yako tu, na ikimwacha inapona, na mbona pikipiki za watu wa Mbamba Bay hazigongi? Amenikataza kwenda huko, mimi na watoto.

Swali lake nimelizungusha kichwani sioni jibu. Sasa mama amevimba miguu, amepiga simu anasema niende nimwone akiwa bado anakaa mwenyewe bila kushikwa, nami nikamdanganya kwamba tumebanwa na kazi ya kuchimba ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu cha mlimani. Na lililo baya zaidi ni hili, hata mimi nimeanza kujiuliza, sauti yake ikiingia kwenye simu naisikiliza kama ya mtu nisiyemjua. Mume wangu si mtu mbaya, hanipigi wala halewi, ila kwa hili hasikii la mtu. Hivi injini inaweza kujua inakwenda kwa nani?

Mama Stephano, Litembo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mama Stephano. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha, Mungu anisamehe, maana katika kazi hii sijawahi kuletewa mama mkwe anayeshtakiwa na pikipiki. Swali lako likaninyima utulivu nikaenda kwa fundi ninayemwamini nikamsomea. Akataka kujua jambo moja tu, kama ziwani ni chini sana kuliko kwenu. Nikamwambia ni chini sana, na joto lake si la mchezo.

Basi sikia. Kwenu juu hewa ni nyepesi na kuna ubaridi, injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hata ukiibana kwa hedi iliyokatwa inavumilia. Ukiteremka ziwani hewa ni nzito na ya moto, inajaa injini, inabanwa kupita kiasi, petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Ndiyo hiyo ko ko ko. Za watu wa Mbamba Bay hazigongi kwa sababu hedi zao hazijakatwa. Joakim aliongeza nguvu kweli, ila alipaswa kuuliza pikipiki inakwenda wapi na wapi.

Baba Stephano, najua utasomewa hii. Kama unabisha, teremka Lituhi, huko huko ziwani, ambako mama mkwe wako hana hata binamu, uisikilize. Ikigonga na huko, utamshtaki nani? Nenda polepole lakini, usije ukatoboa pistoni. Kisha rudi kwa fundi akuwekee gasketi nene, ile ya kuzibia, chini ya hiyo hedi ili petroli isibanwe sana, au ununue hedi ya kawaida. Mlimani utapoteza nguvu kidogo, vumilia. Halafu uende ukamwombe radhi yule mama, na usiende mikono mitupu.

Na wewe, Mama Stephano, nakuonea huruma lakini nitakugombeza. Fundi ulimuuliza kila kitu mpaka akachoka. Mama yako aliyekuzaa hukumuuliza hata neno moja, ukakaa unamwogopa kwenye simu. Hilo limenisikitisha kuliko la mumeo.

Habari za hedi na gasketi zitachukua muda wake, wewe usizisubiri. Kesho asubuhi teremka Mbinga, panda gari la Mbamba Bay. Mumeo mwambie kwa heshima kwamba unakwenda, usimwulize kama unaweza. Ukifika mpeleke mama kwa daktari, kuvimba miguu kwa mtu wa umri wake si jambo la kukanda na maji ya moto tu. Akikuuliza kwa nini ulikawia, usirudie uongo wa ngolo. Mwambie ulimwogopa, na mwambie kwa nini. Atakasirika, ana haki. Wewe kaa hapo hapo kitandani kwake mpaka hasira iishe.