Sindano ya mama wa bosi

Lubna, nimeaibika na bado nacheka.

Mkurugenzi katutangazia wauguzi wote kwamba mafunzo ya kuhuisha leseni tutajilipia. Nilipolalamika akanigeukia: “Elimu ni faida yako binafsi, Umm Yazan.” Faida yangu! Wakati bila mafunzo hayo siruhusiwi kumgusa mgonjwa!

Maneno yakaniponyoka: “Basi sindano ya mama yako leo ni faida yako. Kamchome mwenyewe.”

Kamchome mwenyewe! Nimemwambia bosi!

Mama yake ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, namchoma bure kila wiki. Nilipotoka kazini nikapanda kwake, nikamchoma, nikamsimulia yote. Akampigia simu palepale: “We mwana, unataka nichomwe na nani? Wewe unayezimia ukiona damu?”

Sasa hivi bosi kaniandikia: “Hospitali italipa. Tafadhali usimsimulie mama kitu kingine.”