Mita Mbili za Bi Rukia

Jumanne, 8 Oktoba

Mambrui tangu asubuhi. Shamba la urithi, ndugu wanne, kila mmoja na mpaka wake kichwani. Kipokezi changu cha kupimia kilishika setilaiti kumi na sita. Kazi safi. Kurudi, Bwana Nassor, mkuu wangu, alitaka tupitie Muyeye tuangalie kiwanja kingine. Nikasema kichwa kinaniuma. Uongo. Muyeye sipiti, huu ni mwezi wa saba sasa.

Mimi ndiye niliyeweka huko jiwe la mpaka lililosema nyumba ya Bi Rukia imeingia kwenye njia ya barabara mpya. Wakabomoa jiko na chumba cha nyuma. Akahamia kwa bintiye, Saumu. Miezi miwili haikutimia, akafa. Walisema presha. Sawa, presha. Bado namwona amekaa juu ya matofali yake, kanga begani, akiniangalia mimi. Si tingatinga. Mimi.

Jumatano, 9 Oktoba

Ujumbe wa Fadhili, niliyesoma naye. Siku hizi ana mtambo juu ya paa la chuo kimoja Kilifi, kazi yake kusikiliza setilaiti tu. Anasema kesho kuna dhoruba ya sumaku kutoka kwenye jua. Msipime baada ya magharibi.

Nilimpigia. Alinieleza polepole. Juu huko, mamia ya kilomita, kuna tabaka la hewa lenye umeme. Ayonosfia. Ishara za setilaiti lazima zipite humo. Kwetu huku karibu na ikweta, jua likizama tabaka hilo hupanda, kisha huingia mapovu makubwa yasiyoonekana. Dhoruba ikiangukia saa hizo, mambo huweza kuharibika zaidi. Ishara huchelewa, huyumba, hupotea.

"Kipokezi si kitaniambia?"

"Kizuri kitalalamika. Kingine kitakupa namba na kunyamaza."

Chetu ni cha zamani.

Kiwanja cha Bi Rukia nilikipima mwezi wa Ramadhani, baada ya kufuturu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimekwenda peke yangu kwenye nguzo ya vipimo, ile ya zege karibu na ufuo. Mahali pake panajulikana tangu kabla sijazaliwa. Nikaweka kipokezi juu yake. Alasiri, tofauti ya sentimita mbili. Adhana ya magharibi, bado sawa. Nikaanza kujiona mjinga.

Kisha nusu mita. Kisha mita moja. Saa moja na dakika arobaini, mita mbili na kitu, upande wa kaskazini. Na kioo kimeandika kwamba kipimo ni imara.

Niliishika nguzo kwa mikono yote miwili. Ipo palepale, ina joto la mchana. Kwenye kioo inatembea.

Niliogopa. Sina neno jingine.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimefungua faili la Bi Rukia. Saa ya kipimo: moja na nusu ya jioni. Nikampa Fadhili tarehe, akaangalia kumbukumbu za mtambo wake.

"Anga lilikuwa baya siku hiyo," akasema. "Baya sana. Kwani kuna nini, Maryam?"

Nikakata simu.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine sijausema. Kanuni ni kupima mara mbili, kwa saa tofauti. Nilipima mara moja. Nilikuwa nimechoka, kufunga kutwa kumenikausha, nataka kurudi nyumbani. Jua halikunilazimisha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Muyeye. Nimekwenda na darubini ya kupimia na tepu ya chuma, vitu visivyohitaji setilaiti. Nikaanzia mawe ya zamani ya majirani. Mara tatu. Jibu moja mara zote tatu: ukuta wa Bi Rukia ulikuwa ndani ya kiwanja chake. Ndani kwa sentimita arobaini.

Barabara yenyewe bado haijafika. Magugu tu, na kipande cha sakafu nyekundu.

Bwana Nassor kwenye simu: "Yule bibi keshakufa. Wamfukulia nani?"

Nikarudi kwenye tepu. Kutwa nzima nahisi mtu amesimama nyuma yangu. Nikigeuka, hapana mtu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekwenda kwa Saumu. Alikuwa kwenye cherehani. Akanikaribisha kiti, sikukaa. Nikasema yote kwa mfululizo, nisije nikapata pa kujificha. Dhoruba, ayonosfia, kipimo kimoja.

"Mama aliwaambia," akasema. "Ukuta ule baba aliupima kwa kamba. Mkamcheka."

"Mimi sikucheka."

"Ulinyamaza."

Ni kweli.

Nikampa nakala ya barua niliyopeleka ofisi ya ardhi, na jina langu chini. Akaisoma mara mbili.

"Sasa nimsomee nani? Mwenyewe hayupo."

Akanisindikiza hadi mlangoni, akaufunga taratibu. Heri angeubamiza.

Ijumaa, 18 Oktoba

Bwana Nassor amenitoa kazini. Hakupiga kelele. Nimelala mchana mzima kama mgonjwa.

Jumatano, 18 Desemba

Ofisi ya ardhi ilileta mpimaji mwingine. Amepata nilichopata. Leo jiwe limerudishwa mahali pake. Niliomba nije, nikamshikia tepu.

Saumu alikuja na mwavuli. Nikamsalimu, akaitikia alaykumsalaam, basi. Akazunguka lile eneo, akisukuma magugu kwa ncha ya kiatu. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza.

Baadaye akaja karibu.

"Sogea kidogo," akasema. "Umesimama kitandani kwa mama."

Nikasogea.