Chai Uliyoiacha Mlangoni

Agness mwanangu,

Uji uko kwenye chupa. Pima sukari kabla hujanywa, na sindano usiiruke hata kama huna hamu ya kula.

Asubuhi ulileta chai nikakufungia mlango, ukaiacha chini. Nilikusikia: "Siku hizi Mama ananinuniaga." Kaka yako Mugeta naye akadakia, "Labda chai yako haina majani."

Sijakununia. Nimeamka na homa na kikohozi, kama baba yenu mwaka jana. Tulisema ni mafua tu. Alikuwa na kisukari kama wewe, na kwa vile hakuwa anakula, akaona sindano haina kazi. Kumbe homa inaipandisha sukari. Siku ya nne hakuamka.

Napita hospitali, kisha naenda kwenye nyumba yetu ya shamba kule Buswahili, haina mtu. ~~Jumapili njooni na sato.~~ Msije. Mugeta aje peke yake na sato, aache nje. Ukianza kukohoa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiningoje.

Chai niliinywa ulipoondoka. Kikombe nimekichemsha. Mwambie kaka yako majani yalitosha.

Mama