Rehani ya Toroli

Jumatatu, 9 Machi 1998
Mwaka mmoja na miezi mitatu tangu nitoke kwetu Baraka, ng'ambo ya ziwa. Asubuhi nimesugua sufuria saba zilizorudi kutoka harusi ya Buyenzi. Wali umegandia. Mchanga, majivu, kucha. Viti vimerudi vyote, kimoja kimevunjika mguu. Nimeupigilia msumari.

Tangu nchi jirani zifunge mipaka, watu wameacha kununua. Ndoo mpya ni bei ya mbuzi. Wanakuja kwetu hapa ghalani, mtaa wa Asiatique, kukodi: sufuria kubwa, maturubai, ngazi, nyundo, pasi za mkaa, toroli. Haji Sudi, mwenye ghala, anasema nyundo moja inatosha mtaa mzima, na wanaonunua kumi wanapenda tu kuzitazama zikishika kutu. Hatutupi kitu. Turubai likichanika nalishona. Likishindikana linakuwa mifuko.

Anayekodi anaacha karangamuntu, kitambulisho chake, hadi arudishe kitu. Vyote vinakaa kwenye kopo la chuma lenye kufuli. Ufunguo Haji anauvaa shingoni. Mfanyakazi aliyenitangulia alikuwa akiwarudishia watu vitambulisho kwa urafiki, na ngazi mbili zikapotea moja kwa moja, naye akafukuzwa. Kila mtu anajua hatari ya kutembea bila karangamuntu mji huu. Ndiyo maana vitu vinarudi haraka.

Jumanne, 10 Machi
Amekuja fundi mmoja wa Cibitoke, Melkiori. Anataka toroli na koleo kwa siku nne. Chumba chake cha nyuma kilichomwa wakati wa fujo, sasa amepata matofali. Mke wake, Spesi, anakaa kwa dada yake mtaa wa Gihosha mwaka wa pili. Anataka kumrudisha nyumbani kabla mvua haijawa kubwa.

Aliomba aache saa yake badala ya karangamuntu. Alisema wiki hii askari ni wengi huko kwao. Nikakataa. Akatoa na koti. Nikakataa. Akaanza kunitania:

"We Mukongomani, unaogopa nitakimbia na toroli? Gurudumu yake inalia mupaka Gihosha watasikia!"

Watu waliokuwa foleni wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia sheria ya ghala ni moja. Akanipa karangamuntu, akaondoka na toroli, na kweli gurudumu lilikuwa linalia.

Niandike ukweli. Nilijisikia mkubwa. Hapa kila mtu ananituma, siku moja na mimi nikasema apana.

Jumatano, 11 Machi
Dada yake Haji amefariki Rumonge. Haji ameondoka asubuhi na gari la wafiwa, ufunguo shingoni. Alisema Jumamosi atakuwa amerudi. Nimebaki peke yangu. Nimetoa pasi mbili na maturubai matatu. Mvua.

Alhamisi, 12 Machi
Kumekuwa na msako Cibitoke tangu alfajiri. Wateja wameusimulia hapa mlangoni. Wanaume wasio na karangamuntu wamechukuliwa.

Saa tisa amekuja mwanamke, kanga imelowa hadi magotini. Spesi. Ametembea kutoka Gihosha hadi Cibitoke, kisha hadi hapa. Melkiori askari wamemkuta barabarani anasukuma matofali. Wamemwambia atoe karangamuntu. Amesema iko Asiatique, ameiacha rehani ya toroli. Wakamcheka. Wamemweka kwenye kituo pamoja na wengine, na jamaa wanaoleta vitambulisho wanapewa watu wao. Ameona kwa macho yake, watatu wametoka.

Nilichukua kopo nikamwonyesha kufuli. Nikamweleza kuhusu ufunguo, kuhusu Rumonge. Hakupiga kelele. Alisogeza sikio kwenye kopo.

"Mwanangu, iko mule ndani. Naisikia inacheza."

Nikasema Haji atarudi Jumamosi. Nikasema mimi ni mfanyakazi tu. Nyundo kumi na mbili zilikuwa zimetundikwa nyuma yangu. Aliziona. Mimi pia niliziona. Nilifikiria zile ngazi mbili na yule mfanyakazi aliyefukuzwa. Nilifikiria pa kulala, maana nalala humu humu ghalani. Spesi alikaa kwenye kiti cha harusi mpaka saa ya amri ya kutotoka nje ikakaribia, kisha akaondoka.

Ijumaa, 13 Machi
Nimevunja kufuli. Pigo moja tu. Sikujua kwamba lingekuwa pigo moja tu.

Spesi alikuwa tayari nje nilipofungua mlango. Tumekwenda mbio kituoni. Askari wa mlangoni alishika karangamuntu, akaiangalia picha, akasema huyu ndiye fundi wa matofali, jana alikuwa anawachekesha wenzake. Akafungua daftari. Akasema wote waliobaki wamepakiwa kwenye lori leo alfajiri.

Spesi akauliza wapi.

"Mama, mi nachunga mulango tu."

Nilimwelewa vizuri sana. Jana nami nilisema hivyo hivyo.

Tulirudi kwa miguu. Toroli bado iko kando ya barabara Cibitoke, Spesi alisema, jirani ameifunika kwa majani ya migomba. Nikamwambia asijali toroli. Alinitazama kama mtu niliyemtukana.

Jumamosi, 14 Machi
Haji amerudi na vumbi la safari. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Niliongeza kwamba nilikuwa naogopa kufukuzwa. Aliokota kufuli lililovunjika, akalizungusha mkononi.

"Humu ndani kitu nilichonunua kipya ni hii peke yake," alisema. "Ungeivunja juzi."

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza.

Jumatano, 18 Machi
Siku tatu tumezunguka, mimi, Haji na Spesi. Haji anajulikana mjini, baba yake aliuza vitambaa hapa hapa. Ofisi ya kwanza wametukalisha benchi hadi mchana na kutuambia twende ya pili. Ya pili wamesema turudi ya kwanza. Mtu mmoja ameandika jina kwenye karatasi na karatasi ameiweka chini ya kikombe chake cha chai. Nimeona duara la chai likiloa juu ya jina.

Siwezi kitu. Nasugua sufuria.

Jumatano, 25 Machi
Haji hataki tena kuona karangamuntu ya mtu hapa. Sasa anayekodi anaacha kiatu kimoja. Cha kulia. Tunampa kandambili za ghala arudi nazo. Leo mteja mmoja ameuliza kama tunakodisha na mguu. Haji amecheka, watu wamecheka. Mimi nimeingia ndani kupanga viatu.

Ilikuwa rahisi hivi. Kiatu. Saa. Koti.

Jumamosi, 28 Machi
Spesi ameleta toroli. Ameisukuma mwenyewe kutoka Cibitoke, koleo ndani, vyote vimeoshwa. Nilimpa karangamuntu ya Melkiori kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Kaa nayo. Akitoka, bila hiyo hawezi kupita vizuizi mupaka nyumbani. Atapitia kwanza hapa."

Kisha akauliza kama tunakodisha mwiko wa kujengea. Ukuta umefika madirishani, anataka kuumalizia. Nilimpa. Haji alikuwa mlangoni, hakuomba kiatu.

Jumapili, 29 Machi
Ghala limefungwa. Nimefua shati. Karangamuntu nimeiweka mfuko wa ndani wa koti langu, ninapolala naitundika msumarini pamoja na koti. Ninayelala humu ni mimi. Melkiori akigonga, ni mimi nitakayefungua. Nikiondoka, mfanyakazi mgeni hatamjua.

Dereva mmoja anavuka kesho kwenda Uvira, ana ndugu Baraka. Nimempa ujumbe kwa mama. Nilikuwa nimemwahidi mama kurudi nyumbani mwezi wa sita. Nimemwambia asiningojee mwezi wa sita. Nitakuja Desemba.