Mahame Yaliyofagiliwa

Iquique, 9 Agosti 1998

Mpwa wangu Yasna,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Ndivyo marehemu bibi yako alivyotulea. Hamjambo huko Valparaíso? Miguu ya mama yako inasemaje na hizo ngazi zenu zisizoisha? Mimi mzima. Goti la kushoto linalia kama bawaba kavu, lakini moyo bado wa kijana, na mtaani hapa wapo wajane watatu wanaoweza kutoa ushahidi.

Sasa ugomvi. Kijitabu chako cha mchezo, nakala ya majaribio, nimekipata na nimekisoma chote, mara mbili, mara ya pili nimesimama kwa sababu kiti kilikuwa kimeanza kunichoma.

Usidhani sikuelewa. Darasa la tano nililiacha mimi, si lenyewe lililoniacha. Nimepika melini miaka ishirini na miwili, nimekula nyoka Guayaquil, nimepigwa Hamburg na mwanamke mwenye mkono mmoja na nikamshukuru. Mchezo wenu ulinieleza mwenyewe: watu watano wanazunguka meza, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa, na wakitaka kujua kama wamefaulu wanarusha dadu. Safi. Hata mimi nimejifanya shujaa mezani maisha yangu yote, tena bila dadu.

Lakini wenzako wa chuo walipokuambia ubuni mji uliohamwa wenye siri, dunia nzima ulikosa mji? Umechukua Santa Eduvigis yetu, machimbo ya shura, ile chumvi ya mbolea, alikozaliwa mama yako, ukabadilisha herufi mbili ukadhani umeificha. Nimeuona mtaa wetu. Nimeliona tanuri la mikate. Makaburi umeyaweka magharibi, pale pale yalipo. Kisha unaandika kwamba watu wote walitoweka usiku mmoja, sahani mezani, supu bado inafuka moshi. Kwa nini? Laana. Laana ya nini, sisi tulikuwa wachawi?

Hayo ningeyameza. Nimemeza vibaya zaidi ya hayo. Ukurasa wa kumi na tisa ndio sikuumeza. Mashujaa wanafika makaburini, wanatokewa na mzimu wa mtoto wa kike mwenye maua ya bati yanayokata watu nyuso, na jina lake Mirta. Wakimuua wanapata upanga.

Yasna, Mirta ni dada yangu. Alikuwa na miaka sita. Alikohoa siku tatu akatuacha, na wewe umempa pointi kumi na nane za uhai. Nimekaa nikizihesabu hizo pointi. Laiti angekuwa nazo.

Mtoe. Mtoe kabla hicho kitu hakijaingia mtamboni kuchapwa, la sivyo napanda basi kuja kuwarushia dadu kichwani, wewe na hao wenzako wenye ndevu za mbuzi.

Mjomba wako mwenye hasira,
Nolberto

*

Valparaíso, 24 Agosti 1998

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Mama miguu imevimba lakini ulimi haujavimba, anakusalimu na anauliza kama bado unakaanga kila kitu. Sikumwonyesha barua yako. Nilitaka kwanza nikujibu nikiwa bado nimekasirika, maana nikipoa nitakuonea huruma.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, siyo? Unaniuliza supu ya moto nimeitoa wapi. Kwako. Nilikuwa na miaka saba. Kila Januari ulipotoka melini ulikuja kwetu, mama akienda zamu ya kiwanda cha samaki wewe ndiye uliyebaki nami, na mezani pale, mdomo umejaa mkate, ulinisimulia. Watu wote wa Santa Eduvigis walitoweka usiku mmoja. Supu ilibaki moto. Mbwa alibaki anabwekea milango mitupu. Nilipokuuliza walikwenda wapi, uliangalia dirishani ukasema, "Jangwa halitoi risiti." Maneno hayo yako ukurasa wa kwanza, Mjomba. Wasomaji wote wameyapenda.

Na Mirta? Ni wewe uliyeniambia kwamba bado anazunguka makaburini akitafuta maua yake ya bati, asiyapate. Kisha ukaniapisha nisimwambie mama, eti atalia. Nimekaa na Mirta wako kichwani miaka kumi na tano. Nililala taa ikiwaka mpaka nilipofika sekondari. Mwaka huu nimempa nyumba kwenye karatasi ili atoke kwangu, halafu wewe unakuja kunipigia kelele za jina.

Kilicho changu mle ndani ni ramani tu, na hata hiyo si yangu. Nilimwomba mama anichoree Santa Eduvigis, nikamdanganya ni kazi ya chuo. Alifumba macho akatembeza kidole mezani: duka, tanuri, jukwaa la maonyesho, lango la makaburi. Mimi nikafuata na penseli. Hakukosea kona hata moja.

Nitamtoa Mirta ukinipa sababu. Jina peke yake si sababu, umelichezea kabla yangu.

Mpwa wako,
Yasna

*

Iquique, 8 Septemba 1998

Yasna,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Umekuwa mkubwa, unajibu watu. Vizuri. Nahodha mmoja wa Kigiriki aliwahi kunijibu hivyo, akala wali bila chumvi mpaka bandari ya Callao.

Mtu akimsimulia mtoto hadithi mezani, ni hadithi. Ikiisha inafagiliwa pamoja na makombo. Wewe umeyaokota makombo ukayapiga chapa. Hilo ndilo kosa, na usinigeuzie kibao.

Unataka sababu. Mimi ni kaka wa mama yako, sababu gani nyingine? Enzi zetu mjomba akisema toa, kitu kinatolewa, sababu inakuja baadaye au haiji kabisa. Badilisha mji. Weka kisiwa, weka msitu, weka majoka, sijali. Nitakupa miji kumi niliyoiona kwa macho yangu, mizuri kuliko ule.

Na jambo moja, sikiliza vizuri. Mama yako usimuulize lolote kuhusu kuhama. Wala siku ya mwisho, wala nani aliondoka lini. Ana moyo dhaifu.

Mjomba wako,
Nolberto

*

Valparaíso, 30 Septemba 1998

Shikamoo Mjomba,

Habari za goti? Mama ana miguu mibovu. Moyo wake daktari anasema ungeweza kuendesha treni.

Kwa hiyo nilimuuliza.

Nilimpa kijitabu akasoma na miwani yake puani, huku maharage yakiungua. Alipofika kwenye supu ya moto alicheka. Akasema, usiku mmoja? Ilichukua miezi minane, mwanangu. Kwanza aliondoka mwalimu, kisha mganga wa meno. Kisha sinema ikawa Jumapili tu, kisha ikawa hakuna. Mwokaji aliwasha tanuri kwa ajili ya familia kumi, nne, mbili. Mwisho akawa anabisha hodi kuuliza kama mtu anataka mkate, aone kama inafaa kuchoma kuni.

Siku lori lilipowafuata, bibi alifagia nyumba nzima. Vyombo vimeshapakiwa, dereva anapiga honi, naye anafagia. Kisha akachukua maji ya mwisho ya pipa akanyunyizia mbele ya mlango, vumbi lilale, kama kila asubuhi. Babu akamwuliza anamfagilia nani. Akajibu, "Asije mtu akasema hapa walikaa wachafu." Mama anasema mtaa mzima wanawake walifanya hivyo hivyo. Waliacha mji umefagiliwa.

Mjomba, nina mahame ya kubuni, natafuta siri itakayowafanya wachezaji watetemeke, na wewe ulikuwa na hii mfukoni. Ukanipa supu.

Kisha mama aliacha kucheka. Alisema, "Nolberto hakupanda lori letu. Alibaki na genge la kubomoa." Akanitazama kama mimi ndiye niliyebaki. Akauliza kwa nini ulinidanganya.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yako imefika miaka kumi na tano, nakupa hongera. Miaka thelathini na moja iliyopita, ulibaki kufanya nini?

Mama ameanza kukata maua ya bati ya shada la mwaka huu, makopo ya maziwa yamejaa jikoni. Anasema atalituma kwa basi kama kawaida, na Siku ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, ulifunge imara kwenye uzio wa mbao wa kaburi la Mirta, upepo usilibebe.

Yasna

*

Valparaíso, 22 Oktoba 1998

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Nilipiga simu dukani kwa jirani yako, akasema u mzima, unapita asubuhi kununua mkate, unachekesha watu. Kwa hiyo si ugonjwa.

Shada liko kwenye sanduku hili. Nimeweka pia ramani mpya, mama ameisahihisha: safari hii ameweka alama ya kaburi lenyewe. Ukiingia langoni, miraba kumi mbele, kisha saba kushoto, uso kwenye kilima chenye nundu mbili. Kila mraba ni hatua mbili za mtu mzima, ndiyo kanuni ya mchezo wetu.

Kitabu kinaingia mtamboni Ijumaa tarehe sita. Usiponijibu kinatoka kama kilivyo, Mirta na pointi zake kumi na nane. Kutishana hujui peke yako.

Yasna

*

Iquique, 2 Novemba 1998

Mpwa wangu Yasna,

Salamu. U mzima, najua, hasira inahifadhi watu kama siki. Mimi sijui kama ni mzima. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, nilimpikia kwenye harusi yake.

Uliuliza nilibaki kufanya nini. Nilibaki na msumeno.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kampuni ya machimbo ilipofunga ilitafuta vijana wa kubomoa, kwa sababu mbao za Santa Eduvigis zilikuwa misonobari iliyokuja kwa meli kutoka kaskazini, na wajenzi wa bandarini walizitaka. Tukang'oa milango. Tukang'oa madirisha na jukwaa la maonyesho. Ile nyumba aliyoifagia mama yangu, mlango wake niliubeba mimi mgongoni, na viatu vyangu vikachafua sakafu. Wiki ya mwisho msimamizi akasema bado kuna mbao nzuri makaburini. Nyuzio.

Nilijiambia wetu nitauruka. Nilijiambia hivyo safu nzima. Tulipofika, wanaume walikuwa kumi na wawili, mimi mdogo kuliko wote na mwenye maneno kuliko wote. Kuuacha mmoja kungetaka nieleze kwa nini, na kueleza kungenitoa machozi mbele yao. Kwa hiyo nilikata, Yasna. Nilitoa na mzaha nilipokuwa nakata. Walicheka. Mzaha wenyewe naukumbuka, na sitauandika.

Bila uzio, kaburi la mtoto jangwani ni tuta tu. Yako mengi, yote yanafanana. Niliporudi mwaka uliofuata na shada la mama yako sikujua nilitundike wapi. Nikatafuta msalaba wa chuma ulio karibu, nikafunga hapo. Kila mwaka niliokuwa nchi kavu nimefanya hivyo, nikarudi nikamwandikia mama yako kwamba nimemwekea Mirta. Nimepeleka maua yake kwa watoto wa watu. Ndiyo maana Mirta wangu anatafuta maua asiyapate. Huo mzimu sikuubuni, nilikuwa nao. Na ndiyo maana mji ulitoweka usiku mmoja: mji ukitoweka wenyewe, hakuna anayeuliza nani aliubeba.

Barua yako ya Septemba ilinikasirisha hadi nikavunja sahani mbili. Nilikasirika kwamba unajua. Hata mwanamke wa Hamburg hakunipiga hivyo.

Jana nilipanda lori na mahujaji wenzangu, wenyeji wa zamani wa Santa Eduvigis. Matarumbeta, mapipa ya bia, watu wanatafuta kuta za nyumba zao na kutandika meza ndani yake kama kila mwaka. Mimi nikaenda moja kwa moja makaburini na ramani yako ya mchezo. Wazee walinicheka: Nolberto amepotea kwao, anasoma karatasi yenye miraba. Miraba kumi mbele, saba kushoto. Mara ya kwanza goti lilinidanganya, hatua moja ndefu moja fupi, nikaishia juu ya mzee mmoja Mbolivia. Nikarudi langoni nikaanza upya.

Nikavua kofia nikafagia vumbi. Chini yake vipo visiki vinne vya mbao, vyeupe kama jana. Huku hakuna mvua, hakuna kinachooza. Mikato yote imelalia kushoto. Mimi ndivyo ninavyokata, tangu utoto, hata mkate, hata nyama; mama yako atakuambia. Nimemtambua dada yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Shada nimelilaza chini nikalizungushia mawe. Kisha nikafagia safu nzima kwa kofia, watu wakinitazama, na safari hii nililia mbele yao, nao walikuwa zaidi ya kumi na wawili.

Mama yako usimwambie. Nitamwambia mimi. Tiketi nimeshakata, naondoka Alhamisi, nafika Ijumaa mchana. Mwambie tu ninakuja, na asifiche mwiko, nitauhitaji mgongoni.

Sasa kitabu. Ongea na hao ndevu za mbuzi mtambo unisubiri siku moja. Supu itoe, ni uongo na ni supu mbaya. Wafikishe mashujaa wako kwenye mji usio na mlango hata mmoja, kila sakafu imefagiliwa, na waache wajiulize wenyewe. Mirta mtoe. Si kwa amri, nakuomba. Pointi zake nisingependa kumpa mtu, lakini kama mchezo hauwezi kwenda bila kitu makaburini, niweke mimi. Mzee mnene, mchekeshaji, ana msumeno. Usinifanye wa kutisha sana, wajane watasoma.

Wakinikuta wasinipige. Warushe dadu waone kama nitasema kweli. Fanya iwe vigumu, Yasna. Lakini iwezekane.

Mjomba wako,
Nolberto