Tulivyomwombea Phulmani

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila ruba wa huku kwenye mashamba ya chai wametuzoea. Waambie kanisani kwamba ile konzi ya mchele mnayomtengea Mungu kila mnapopika ndiyo iliyotulipia nauli ya kuja kuhubiri.

Jana tulimwombea Phulmani, mchuma chai ambaye hajainuka kitandani mwezi mzima. Tuliomba kama tuombavyo nyumbani, wote kwa pamoja, kwa sauti, wengine wakilia. Phulmani akamshika bintiye mkono. "Mbona wananililia? Nimeshakufa?"

"Bado, mama. Ni wageni tu."

Tulicheka, Bibi. Naye alicheka mpaka akakohoa damu.

Kesho tunarudi nyumbani Aizawl, wiki zetu mbili zimekwisha. Leo Phulmani kaniuliza, "Mkiondoka, nani atanishika niende chooni?" Bintiye hushinda shambani. Nikamwimbia.

Kisha nikampikia wali. Nilitenga konzi ya Mungu kama ulivyonifundisha, halafu nikairudisha sufuriani. Usimwambie mchungaji.

Alikula vijiko viwili.

Mjukuu wako anayerudi mikono mitupu,
Rintluangi